Kati ya kibarua na mhandisi

Mtoto wa shule ya msingi mkoani Lindi hupewa chandarua shuleni, akakibeba kichwani hadi nyumbani, na usiku uleule mama akakitundika. Ugawaji wa vyandarua kupitia shule ulianza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na watoto wa huko wanaweza kukueleza habari za mbu aina ya anofelesi kwa ufasaha wa muuguzi wa zahanati. Jambo moja hawaambiwi: chandarua hutengenezwa vipi, na wanaokitengeneza walisomea nini.

Si wao peke yao. Muulize kijana wa kidato cha nne anataka kuwa nani, atakutajia daktari, mwanasheria, rubani, mhasibu, na siku hizi mtengeneza maudhui wa mtandaoni. Akigusia kiwanda, anawaona watu wa aina mbili tu. Kuna mhandisi mwenye shahada, na kuna kibarua anayesimama getini alfajiri akisubiri jina lake liitwe. Katikati ya hao wawili kuna watu wengi ambao ndio hasa wanaofanya mitambo izunguke: mafundi mitambo, mafundi umeme wa viwandani, waendesha mashine za kompyuta, wapima ubora wa maabara, wapanga uzalishaji. Kwa mwanafunzi wa kawaida wa Kitanzania, watu hao ni kama hawapo.

Basi turudi kwenye chandarua, tukifuate hadi kinakotoka.

Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z Textile Mills cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical, kampuni ya Japani iliyotoa ujuzi huo bila kudai mrabaha. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu. Kilikua hadi kufikia uwezo wa vyandarua vipatavyo milioni 30 kwa mwaka, kikiwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake.

Siri ya chandarua cha Olyset imo ndani ya uzi wenyewe. Zamani watu walichovya chandarua kwenye beseni la dawa, wakakianika, na baada ya kufuliwa mara kadhaa dawa ikaisha. Hiki cha Olyset hakichovywi wala hakipuliziwi dawa. Kiwandani chembe za plastiki huchanganywa na dawa ya permethrini, ambayo ni asilimia 2 ya uzito, zikayeyushwa pamoja na kusukumwa kupitia matundu madogo hadi zikatoka zikiwa nyuzi. Dawa imo katikati ya uzi, na husogea polepole kuja juu kila ile ya nje inapopungua. Ndiyo maana chandarua cha namna hii kinatakiwa kuhimili kufuliwa mara 20 na bado kiue mbu.

Hapo kwenye uzi pana kazi ya kwanza ambayo mwanafunzi hajawahi kuisikia. Unene wa uzi hupimwa kwa deniya, yaani uzito, kwa gramu, wa mita 9,000 za uzi huo. Uzi wa Olyset ni wa deniya 150 au zaidi kidogo. Hakuna mwenye muda wa kupima mita 9,000, kwa hiyo mpima ubora anaweza kukata mita 90, akaziweka kwenye mizani nyeti, akatarajia kuona gramu 1.5. Mizani ikisoma 1.35, uzi umepungua kwa asilimia 10. Ni mwembamba, utakatika kwenye mashine ya kufuma, na ukiponea hapo utakatikia kitandani kwa mtu. Ikisoma 1.65, plastiki inaliwa bure, na kwa kiwanda kinachohesabu bidhaa kwa mamilioni hayo ni malori na malori ya malighafi.

Kosa likionekana, mpima ubora humwita mwendesha mtambo, nao wawili wakatafuta chanzo. Je, pampu inasukuma plastiki kidogo? Au roli zinazovuta uzi zinakwenda kasi mno? Roli zikiongeza kasi wakati pampu haijabadilika, uzi huwa mwembamba zaidi. Ni uwiano wa kinyume, uleule ambao mwanafunzi aliukokotoa kwenye daftari kwa mfano wa vibarua wanaolima shamba kwa siku kadhaa. Hapa majibu yake yanasubiriwa na mtambo unaounguruma. Mpima ubora huyo hahitaji shahada ili aifanye kazi hii. Anahitaji hesabu za sekondari alizozielewa kweli, mkono usiotetemeka mbele ya mizani, na ujasiri wa kumwambia msimamizi wa zamu kwamba mzigo huu hautoki.

Uzi ukipita hapo huenda kwenye mashine za kufuma zenye safu ndefu za sindano, kisha kitambaa hukaguliwa matundu, hukatwa, hushonwa na kufungwa. Kushona na kufunga ndiko waliko watu wengi, na ndiko mgeni anakoonyeshwa kwanza. Lakini mashine ya kufuma ikisimama, mamia ya washonaji wanabaki bila kazi ya kufanya, na macho yote yanamgeukia mtu mmoja mwenye overoli na kisanduku cha vifaa.

Mtu huyo siku hizi si yule wa miaka ya nyuma. Mwaka 1968 mambo mawili yalitokea, moja mbali kabisa na jingine. Dar es Salaam, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilifunguliwa Ubungo. Marekani, mhandisi Dick Morley na wenzake walianza kubuni kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo iliyokuja kuitwa Modicon, ikachukua nafasi ya makabati yaliyojaa swichi na nyaya. Fundi wa kizazi cha Urafiki alijifunza mashine kwa sikio na kiganja: mkanda ukilegea anausikia, beringi ikipata moto anaigusa. Wa leo anahitaji hayo yote, kisha ajue kusoma kile kikompyuta.

Chukua mtambo wa kujaza maji kwenye chupa, wa aina inayopatikana sasa hata katika viwanda vidogo vya mikoani. Ghafla mkanda unasimama, chupa zinarundikana, taa nyekundu inawaka. Fundi asiyejua ataanza kufungua mota. Anayejua hufungua kabati la umeme na kutazama vitaa vidogo vilivyojipanga kwenye ile kompyuta, kila kimoja kikiwakilisha sensa moja. Kitaa cha sensa inayoona chupa kinawaka muda wote, hata pale ambapo hakuna chupa. Maana yake mtambo unadhani kuna chupa iliyokwama. Anaiendea sensa, anakuta jicho lake lina utando wa vumbi na maji, analifuta kwa kitambaa safi, anabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, na kazi inaendelea. Mota aliyokuwa akiifikiria yule mwingine ingeweza kuchukua zamu nzima kufunguliwa na kufungwa tena, na ugonjwa ungebaki palepale.

Ujerumani waliona mapema kwamba mtu huyu hatoshei kwenye sanduku la fundi umeme wala la fundi mitambo. Mwaka 1998 walianzisha rasmi fani ya ufundi mekatroniki, ambayo kijana huisoma kwa miaka mitatu na nusu akigawanya muda wake kati ya chuo na kiwanda, huku kiwanda kikimlipa posho. Tanzania nayo ina mfumo wa namna hiyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanauita uanagenzi pacha, na walioanza nao walishirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg. Umebaki mdogo mno ukilinganisha na idadi ya vijana wanaomaliza kidato cha nne kila mwaka, na wengi wao hata jina lake hawajalisikia.

Kuna wanaodhani mashine za kompyuta zimekuja kummaliza fundi. Mwangalie fundi wa kuchonga vipuri. Pale Gerezani, Dar es Salaam, kwenye mashine ya kukereza ya mkono, fundi mzoefu anazungusha vishikio viwili, kimoja kinasogeza kisu kufuata urefu wa chuma, kingine kinakiingiza ndani. Anatazama vipande vinavyojikunja kutoka kwenye chuma, na vikigeuka rangi ya bluu anajua joto limezidi. Anasimamisha, anapima kwa maikromita inayosoma sehemu ya mia ya milimita, anaondoa tena kidogo. Unywele wa binadamu una unene wa kama milimita 0.07, na shafti inayovikwa beringi inaweza kukataliwa kwa kosa dogo kuliko huo.

Kwenye mashine ya kompyuta, kazi hiyohiyo huandikwa kwanza. G00 maana yake nenda haraka bila kukata. G01 ni kata kwa mstari ulionyooka. M03 ni zungusha. Kila amri hufuatwa na namba za X na Z, kipenyo na urefu, na mwanafunzi aliyechora grafu za mistari kwenye karatasi ya miraba ana msingi wote unaohitajika kuielewa. Anayekosea alama ya kutoa akaandika Z5 mahali pa Z-5 ataona kisu kikikata hewa. Akikosea upande mwingine, atasikia mlio ambao hatausahau, na kisu cha bei kubwa kitakuwa kimevunjika. Mashine haijui kwamba chuma hiki ni kigumu kuliko cha jana. Yule wa Gerezani anajua, na akijifunza kuandika zile amri anakuwa mtu adimu sana sokoni. Aliyejifunza amri bila kuwahi kushika chuma bado ana safari ndefu.

Nchi hii iliwahi kujaribu kuwaunganisha watu hao wawili shuleni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mkono na akili viende pamoja, na miaka iliyofuata sekondari ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru na Iyunga zilikuwa shule za ufundi zenye karakana za kweli, na waliopita huko bado wanatambuana kwa namna wanavyozungumzia faili na msumeno. Baadaye fedha zikapungua, mashine zikachakaa, na shule nyingi za ufundi zikabaki na jina. Wazazi wakasoma alama za nyakati wakawaelekeza watoto ofisini. Huwezi kuwalaumu, walikuwa wakiona kiwanda kimoja baada ya kingine kikifungwa, na mtaalamu wa mashine akiishia kuuza vitumbua.

Januari 2024 mtaala mpya ulileta mkondo wa amali katika sekondari, sambamba na mkondo wa jumla, ukifuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza sasa kuanza fani huku akiendelea na masomo ya kawaida, na atoke na cheti cha ufundi pamoja na cha kidato cha nne. Ni hatua kubwa, na mwandishi huyu anaiunga mkono bila kigugumizi. Lakini karakana haijengwi kwa waraka. Mashine ya kukereza inataka umeme wa njia tatu, na shule nyingi zina wa njia moja wa kuwasha taa na kuchajia simu ya mwalimu mkuu. Inataka mwalimu aliyewahi kufanya kazi kiwandani, si aliyesoma tu juu yake. Inataka vyuma vya kukata, vinavyoisha kila wiki na vinavyopaswa kununuliwa tena. Kasma ya vyuma hivyo ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana, na mashine mpya ikabaki imefunikwa turubai.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kutumia mashine ambazo tayari zinafanya kazi, zile za viwandani. Marekani, tangu mwaka 2012, Ijumaa ya kwanza ya Oktoba viwanda vingi hufungua mageti kwa wanafunzi ili waone kazi ilivyo. Kwetu ziara za shule zipo, ila nyingi zimekuwa matembezi. Basi linashusha wanafunzi 80, ofisa uhusiano anawapitisha upande mmoja wa kiwanda kwa nusu saa, kelele zinamfanya asisikike na walio nyuma, kisha soda, picha ya pamoja, na kurudi. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam, ni hivyohivyo: bidhaa zimepangwa zikang'aa kwenye mabanda, mtambo uliozizalisha uko kilometa nyingi kutoka Barabara ya Kilwa. Wanafunzi 10 waliosimama saa nzima mbele ya mashine moja, pamoja na fundi wa miaka 24 aliyetoka chuoni juzi, wangejifunza mengi kuliko basi zima. Mwacheni awaonyeshe sensa yenye vumbi. Mwacheni awaambie mshahara wake.

Wenye viwanda wana hoja zao, nyingine za kweli. Mwanafunzi anapunguza kasi ya kazi. Anaweza kuumia, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mwenye umri chini ya miaka 18 kiwandani katika mazingira hatarishi. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, imeacha mlango kwa mafunzo, na kinachohitajika ni kofia ngumu, viatu vya usalama, nywele zilizofungwa, pete zilizovuliwa, na mtu wa kumsimamia. Kuna jambo la pili ambalo mameneja hulizungumza kwa uchungu: kila mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara yote anayolipa, na sehemu yake huenda VETA. Anahisi ameshalipa deni lake. Ingekuwa busara kuigeuza hoja hiyo: aliyekwisha lipia mafunzo ana kila haki ya kuyaleta ndani ya geti lake, ayaone yanavyoendeshwa, na achague mapema vijana anaowataka.

Vijana wa vyuo wanaohangaika kutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo, ile wanayoiita fildi, wanalijua geti hilo vizuri. Barua zao hupokelewa na mlinzi. Wanaobahatika kuingia mara nyingi huishia kufagia karakana na kutumwa chai, na daftari lao la fildi hujazwa siku ya mwisho.

Haitakuwa haki kumpamba kijana kiwanda bila kumwambia ukweli wa ngazi ya chini. Amri ya Kima cha Chini iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Kwa pesa hiyo Dar es Salaam ulilipa chumba, ukapanda daladala, na ukabaki ukiuliza chakula kinatoka wapi. Kuna joto, kelele, zamu za usiku, na kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Wasichana wanakabiliwa na jingine: hata pale ambapo wanawake ni wengi sakafuni, upande wa karakana ya matengenezo, wenye nafasi ya kupanda cheo, mara nyingi unajaa wanaume. Kwa hiyo anayemshawishi mwanafunzi aingie kiwandani amwonyeshe ni mlango upi anaingilia, maana mlango wa kibarua na wa fundi haifikishi kwenye ghorofa moja.

Ngazi yenyewe ipo na imeandikwa. VETA inatoa vyeti vya daraja la kwanza hadi la tatu. Kutoka hapo, chini ya mfumo unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, mwenye sifa hupanda kwenye cheti cha ufundi sanifu na stashahada katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, au Chuo cha Ufundi Arusha kilichofunguliwa mwaka 1978, na anaweza kufika shahada ya uhandisi akiwa na miaka ya karakana mkononi. Fundi wa mtaani aliyejifunza kwa mjomba naye hakuachwa: kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo hupimwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti bila kuanza darasani upya.

Wala viwanda si vya Dar es Salaam peke yake. Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha mipira ya mikono Idofi, Makambako, mkoani Njombe. Kibaha kunaunganishwa malori na kunatengenezwa dripu za hospitali. Mtwara saruji ya Dangote imekuwa ikizalishwa tangu mwaka 2015. Arusha, TANELEC wanatengeneza transfoma, na TEMDO, taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, inasanifu mitambo na kutengeneza vitanda vya hospitali. Mwanafunzi wa sekondari Makambako anapita njia moja na malori yenye mipira ile, na huenda hajui kwamba ndani ya kiwanda kuna mtu ambaye kazi yake ni kulinda joto la tanuri lisipande wala lisishuke, kwa sababu mpira usioiva unachanika na ulioiva kupita kiasi unakatika.

Kidato cha nne mwanafunzi hujaza fomu ya machaguo, Selform, inayoorodhesha tahasusi za kidato cha tano na kozi za vyuo. Wengi huijaza kwa kufuata rafiki, au mwalimu wa taaluma huwajazia kwa haraka kompyuta ya shule inapopata mtandao. Kozi za umeme wa viwandani, mekatroniki, matengenezo ya mitambo na maabara zimo humohumo, mistari michache chini ya tahasusi za PCM na PCB. Mwalimu anayetaka kuwasaidia wanafunzi wake waifikie mistari hiyo wakiwa na macho, aanze kidato cha pili, kabla fomu haijafika, kwa kuandika barua kwa kiwanda kilicho karibu na kuomba nafasi ya wanafunzi 10 tu, mashine moja, na fundi mmoja mwenye subira.